Dakika Kumi Nilizompa Fundi Ezekieli

Base Camp, Nakivale
Jumatano, mvua imekatika kidogo

Kwako Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, Uvira,

Karatasi hii ikukute umekaa, na kama inawezekana ikukute umekwisha kula. Mimi ni mzima, wifi yako Esta ni mzima, watoto wanakula kama watu waliotumwa. Katika nyumba hii tunaumwa kitu kimoja tu, nacho ni aibu, na mgonjwa wake ni mimi peke yangu. Zahanati hawana kidonge chake. Goti lako linasemaje? Mama Sifa, huyu muuza vitenge anayekuletea barua, aliniambia kwamba siku hizi ukipanda kwenda kanisani unapumzika mara mbili njiani na bado unamkataza mtu asikushike mkono. Pumzika hata mara tano. Ibada haiwezi kukukimbia, ninajua urefu wa mahubiri ya pale.

Ninajua pia kwamba Mama Sifa alikuambia Riziki alilazwa. Kabla moyo haujaruka, sikia: mtoto wako amepona, mimba imefika miezi minane, na nesi alimpima juzi akasema mtoto anacheza vizuri. Alichokuambia Mama Sifa ni kweli. Alichokuficha, kwa heshima yake, ni sababu. Sababu ni mimi, mdogo wako. Nilijaribu kukuambia kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza nilipofika kwenye sehemu yangu mtandao ulikatika. Mara ya pili haukukatika, nilikata mimi.

Kazi yangu unaijua. Hapo Uvira mulikuwa mukinicheka nikitembea na redio sikioni kama mtu mwenye jino bovu. Hapa Base Camp ile tabia imekuwa cheo. Juu ya duka moja la kuchaji simu kuna kipaza sauti chenye mdomo mkubwa, kimefungwa kwenye bati, na kila Jumanne na Jumamosi ninasimama chini yake kusoma habari za kambi: siku ya posho, bomba lililokauka, mbuzi aliyepotea na rangi yake. Watu wanaita Redio Bati. Shule ya uandishi wa habari sikusoma, ila siku mbili tu, katika ukumbi mmoja wa Ruti, pale Mbarara. Walitukusanya wasomaji wa habari wa kambi mbalimbali, wakatupa daftari, soda, na fundisho moja nililolishika kama amri ya kumi na moja: habari ina pande mbili, na kila upande upewe muda sawa na mwenzake. Kulikuwa na siku ya tatu. Mimi sikuikaa, nilirudi kuvuna mahindi kabla nyani hawajanisaidia. Nimekuja kujua kwamba siku ya tatu ndiyo walifundisha wakati gani fundisho la siku ya pili halitumiki.

Sasa nikutajie Fundi Ezekieli. Ni mtu wa Fizi, mshonaji, mwenye vyerehani viwili kwenye baraza yake sokoni. Kimoja anashonea yeye, cha pili anaazimisha wanawake wanaojua kushona, na hapo ndipo Riziki alikuwa akishona nguo za mtoto. Ni mtu mpole, anashona vizuri, anaomba kabla ya kukata kitambaa. Lakini mwaka jana ofisi ilimwita kwenye entavyu, ile ya kupelekwa ng'ambo, na mkubwa mmoja akamuuliza: "Bwana, una duka la ushonaji Mbarara?" Fundi alitaka kuanguka kwenye kiti. Duka hana. Lakini alikuwa na wazo la duka, na wazo lile alimwambia mke wake tu, kitandani, ndani ya chandarua. Dosye yake, lile faili la safari, ikasimama tangu siku ile, wala hakuna aliyemueleza kwa nini.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Yeye alifikiri kama mshonaji. Alikwenda nyumbani akafumua pindo la chandarua, ile nyinyi mungali mukiita mustikere, akachoma uzi. Uzi haukuungua kama pamba, uliyeyuka, ukawa tone jeusi gumu. Akatazama lebo, akakuta numero. Akakumbuka kwamba siku ya kugawiwa kila mtu aliweka kidole kwenye wino mbele ya jina lake. Basi hesabu ikamtokea: uzi ambao si uzi, numero ya chandarua, kidole cha mwenye kulala ndani. Chandarua kinasikia, kinapeleka ofisini.

Tangu Pasaka alikuwa akiwaambia wateja hivyo. Wateja waliitika, wakachukua suruali zao, wakaenda kulala ndani ya vyandarua vyao kama kawaida. Hapo ndipo mimi niliingia.

Mwezi uliopita shirika lilileta vyandarua vipya kwa sababu ya mvua, na nesi Jovia wa zahanati, Munyankole mwenye sauti ndogo, akaniomba nafasi Jumanne awaeleze watu. Nikakumbuka Ruti. Nesi ni upande mmoja. Upande wa pili je? Nikaenda mwenyewe, kwa miguu yangu, Yaya, hakuna aliyenituma, nikamwalika Fundi Ezekieli. Nilijisikia mwandishi kamili. Nilimpangusia kiti.

Nesi alisema kwa dakika kumi mambo yote ya kweli, na aliyasoma kwenye karatasi kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Kisha Fundi akachukua maikrofoni. Alikuja na kipande cha uzi na kiberiti.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi si munganga. Mimi ninajuaka uzi. Miaka makumi mbili niko na uzi mu mukono. Munisaidie kuuliza kiulizo kimoja tu: uzi gani haukubali kuwa majivu?"

Akauwasha. Watu mia kule sokoni hawakuona kitu, lakini wale walio karibu walisema "Eee!" na ile "Eee!" ikapita kwenye kipaza sauti ikafika hadi kwenye mashamba. Nesi alijaribu kusema kwamba hata ndoo ya plastiki inayeyuka, lakini dakika zake zilikuwa zimekwisha, na mimi, mtu wa haki, nilimwonyesha saa.

Halafu nikafunga kipindi. Maneno yangu ninayakumbuka vizuri, kwa sababu watu wamenirudishia mara nyingi: "Wasikilizaji, mumesikia pande zote mbili. Ukweli huwa katikati. Kila mtu apime mwenyewe."

Walipima. Kufikia Ijumaa vyandarua vilikuwa vimetoka nyumbani kama watoto waliofukuzwa shule. Nilihesabu vilivyozungushiwa kuku, vilivyofunika miche ya nyanya, kimoja kimekuwa goli la mpira. Jumamosi niliona bibi harusi amevaa kimoja kichwani hadi madhabahuni, na nilipomuuliza mama yake kama haogopi, alisema mbele ya pasta hakuna siri, kisikie tu.

Na kwenye nyumba yangu Riziki alikunja chake, akakifunga ndani ya kitenge, akakipeleka nje chini ya mbao. Unajua mwenyewe kwamba mtoto wako anasema usingizini tangu utotoni. Mume wake yuko Kampala anatafuta kazi, na entavyu ya Riziki mwenyewe iko karibu. Aliniambia: "Mujomba, mutu mwingine anaweza kunyamaza. Mimi sijui hata kile ninasemaka. Nikisema jambo la kipumbafu mu usingizi, nitamujibu nini muzungu?" Nilimwambia aache upuuzi. Akanitazama tu. Sikuelewa kwa nini ananitazama.

Siku kumi na mbili baadaye alianza kutetemeka wakati anachambua mchicha. Tulimpakia kwenye boda, Esta nyuma yake akimshika, mimi nikikimbia na sufuria kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeishika. Zahanati walimtundikia maji. Nesi Jovia alimpima mtoto tumboni, akasogeza chombo chake cha kusikilizia mara tatu, akasema mapigo yapo. Kisha akageuka.

"Wewe si ndiye ile ya redio?"

"Ndiyo, nesi."

"Haya. Mimi nimesema ya malaria, hiyo ni upande yangu. Sasa nikuitie na mbu, pia yeye aongee dakika kumi?"

Nilikaa na sufuria yangu siku tatu pale nje, na kwa siku hizo tatu, Yaya, sikuwa mwandishi wa kitu chochote. Nilikuwa naomba tu nisije nikakuandikia barua nyingine isiyo hii.

Alipotoka, nilifikiri mambo yamekwisha. Nikamtandikia kitanda, nikachukua chandarua chake chini ya mbao, nikakung'uta. Akasema hapana. "Homa inaponaka, Mujomba. Dosye ikifungwa haiponi." Nesi alikuwa ametuambia waziwazi: malaria ya pili kwa tumbo kama lile, hatujui nani tutamrudisha nyumbani. Nilimkumbusha. Akalia, lakini chandarua hakukichukua.

Basi Jumamosi nikasimama chini ya kipaza sauti nirekebishe. Nilianza kwa nguvu: "Si kweli kwamba vyandarua vinasikia! Si kweli kwamba vinapeleka maneno ofisini! Si kweli kwamba..." Nikaendelea hivyo robo saa, nikataja kila kitu ambacho si kweli, kimoja kimoja. Jioni mama mmoja ambaye siku ya Fundi alikuwa amesafiri, hakujua lolote, alinipita na chandarua begani anakwenda kumfunikia mbuzi. "Asante kwa kutuambia," akasema.

Hapo nikajua ile siku ya tatu ya Ruti inanidai. Jumatatu nikaenda Mbarara, kwa kisingizio cha betri ya kipaza sauti, kumtafuta mwalimu wetu, Madamu Peace, anayesoma habari kwenye redio ya mji. Mume wake ni askari, wanakaa kwenye nyumba za jeshi. Pale getini askari mmoja aliniuliza ninataka nini, nikamweleza habari yote, kwa kuwa ninapoona bunduki ninakuwa mkweli kupita kiasi. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri.

"Sisi hapa nalala ndani ya net kila siku," alisema. "Kila siku sisi nasema hii maharagwe imetuchosha. Kama net nasikia, wakubwa nakwisha jua. Lakini leo pia ni maharagwe. Pita."

Ninakuambia, katika mambo yote niliyosikia juu ya vyandarua, hilo ndilo la kwanza lililokuwa na ushahidi.

Madamu Peace alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza bila kuacha kuchagua. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Bwana Kashindi, wewe naona hii mchele?"

"Ninaona."

"Hii ni mchele, hii ni mawe. Wageni nakuja kula. Mimi naweza weka sahani mbili, moja ya mchele, moja ya mawe, nasema mzee, chagua mwenyewe, mimi sina upande?"

"Lakini Madamu, mulitufundisha pande mbili."

"Ya watu wawili nagombana shamba. Ya chama na chama. Si ya nesi na moto ya kiberiti." Akatupa jiwe nje. "Na hiyo ya Jumamosi umeharibu tena. Ukianza na uongo, hata kama unaukataa, watu nabeba ile ya kwanza naenda nayo nyumbani. Anza na ukweli. Uongo pitia haraka, rudi kwa ukweli."

"Na Fundi nimufanye nini? Watu wanataka nimuite mwongo mbele ya soko."

"Ye ni mwongo?"

Nikafikiri. "Hapana. Anaamini."

"Sasa namna gani umuite mwongo? Ukimucheka, wote wenye naogopa kama yeye nakuwa wake. Wewe nenda umuulize hii kitu ilimuingia kwa mlango gani. Lakini uliza wewe, kwa nyumba yake. Maikrofoni acha kwa duka."

Nilirudi na betri na hayo. Kesho yake nikaenda barazani kwa Fundi bila daftari. Nikamuuliza habari ya entavyu, akanisimulia tena, na safari hii nilimsikia. Yaya, mtu yule hakuwa na hamu ya kudanganya mtu. Alitaka kujua kitu kimoja ambacho ofisi ilimnyima: nani alisema habari ya duka. Mtu akinyimwa jibu muda mrefu anajishonea lake.

"Fundi," nikasema, "ni kitu gani kingekuonyesha kwamba chandarua hakisikii?"

Alisimamisha mashine. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Tukijaribu," akasema. "Mutu aingie ndani ya mustikere, aseme uongo mukubwa wenye hausemwe fasi ingine. Kisha tungojee ofisi."

"Nani aingie?"

"Wewe si unasema hakisikii?"

Uongo aliuchagua yeye: kwamba mimi nina ng'ombe kumi na nne, wanalishwa na Munyankole mmoja nyuma ya vilima. Alisema uongo wa ng'ombe ofisi haiwezi kuunyamazia. Tukakubaliana iwe saa nane mchana, wakati wa kupumzika, siku saba mfululizo, mimi na Esta, na neno hili tusilitamke mahali pengine popote.

Nitakuungamia jambo. Siku ya kwanza nilipoingia na kukiteremsha kile chandarua kutuzunguka, nilikitazama. Nilikuwa nimekwenda hadi Mbarara, nimefundishwa mchele na mawe, na bado nilikitazama. Esta akaniona.

"Unangojea kikusalimie?"

Basi nikasema, kwa sauti ya kutosha ili Fundi aliyekaa mlangoni asikie: "Mke wangu, ng'ombe wetu kumi na nne hawajambo?"

"Hawajambo," Esta akasema. "Yule mwenye doa amezaa."

Doa hatukukubaliana, alilitia yeye. Kila siku aliongeza. Kufikia siku ya nne tulikuwa na fahali mkali na mchungaji mlevi, na mimi nilianza kuwapenda wale ng'ombe.

Siku ya tano jirani yetu Mama Toto alikuja na kopo. Unapaswa kujua namna tunavyokaa: nyumba yetu na yake ni mgongo kwa mgongo, na kati yetu, mahali ambapo ukuta wa udongo ulianguka na mvua, tumeweka turubai moja, nusu yake, nusu yetu. Alisema mtoto wake ana kikohozi, kama tunaweza kumsaidia maziwa kidogo. Esta akamjibu hatuna maziwa. Mama Toto akasema, "Sawa, Mama, Mungu anaona," akaondoka na kopo lake kama mtu aliyeibiwa. Siku ya sita kiongozi wa kwaya aliuliza kama ninaweza kuwaazima fahali, si yule mkali, kwa ajili ya sikukuu. Jioni yake pasta alinishika mkono muda mrefu, akanikumbusha fungu la kumi, na kwa kumi na nne akaona ni ng'ombe mmoja na mguu.

Siku ya saba tulikuwa barazani kwa Fundi, naye anaandika kwamba ofisi imenyamaza, ndipo akapita mkubwa mmoja wa ofisi, Muganda mchangamfu, akasimama.

"Bwana Redio! Nasikia sasa wewe tajiri. Ng'ombe kumi na nne!"

Fundi alisimama hadi kiti kikaanguka. "Umesikia? Umesikia, Kashindi? Njo hii! Ndiyo hii yenyewe!"

Lakini kazi ni kuuliza, nikauliza. "Mkubwa, nani alikwambia?"

"Mama moja pale kwa maji. Analia wewe umenyima mtoto yake maziwa. Si vizuri, bwana." Akaenda zake.

Fundi alibaki amesimama. Aliangalia upande wa nyumba yake. Huko nako, kama nusu ya kambi, ukuta wa nyuma ni turubai, na jirani wa nyuma ni mtu anayependa sana kwenda ofisini kusalimia. Niliona uso wake ukihesabu. Kisha akakiinua kiti, akakaa, akashona pindo zima, na mimi sikumsukuma.

Kama ningekuwa ninakutungia, ningeishia hapo. Lakini asubuhi yake Fundi alikuja kwangu amenyoa ndevu.

"Nimeelewa," akasema. "Walizifunga mustikere masikio."

"Nani?"

"Wao. Waliona nimewafichua, wakazifunga. Sasa hazisikie tena, wao wanasikilia kwa turubai tu. Kashindi, unipatie maikrofoni Jumanne. Nitaambia watu warudi kulala ndani bila woga. Mimi mwenyewe jana nimelala ndani."

Unaona mtego, Yaya? Neno lake lilikuwa la uongo kama lile la kwanza, ila safari hii lingefunga kila chandarua mahali pake kabla ya jua kuchwa. Nilikwenda kumuuliza nesi Jovia. Alikuwa na foleni hadi nje. Alifumba macho kidogo akasema: "Wacha aseme, bwana. Mimi nimechoka. Hata akisema ni malaika wamefunga, sawa, bora walale."

Nusura nikubali. Lakini nikafikiri: nikimpa kiti tena leo kwa sababu ananifaa, siku atakayosema masikio yamefunguliwa nitamnyima kwa sababu gani?

Nikarudi nyumbani na kichwa kizito, nikamkuta Riziki ameshasikia.

"Mujomba, ni kweli wamezifunga masikio?"

Jibu la kumweka salama lilikuwa mdomoni: neno moja, ndiyo. Nilikuwa nalo kama pipi.

"Hapana," nikasema. "Hazikuwahi kuwa nayo."

"Lakini wewe ulisemaka zinaweza kuwa nayo."

"Mimi? Ni Fundi alisema."

"Fundi alikuwa anasema hiyo tangu Pasaka. Nilikuwa nashona pale kila siku, nilikuwa namucheka. Wewe njo ulimupangusia kiti. Wewe ulisema ukweli uko katikati. Mimi nikajiambia, kama Mujomba, mwenye anasikilizaka redio ya dunia yote, amemuweka sawa na nesi, basi kuna kitu." Akafuta macho na kitambaa cha mtoto alichokuwa anakishona. "Sasa niamini Mujomba gani, wa Jumanne ao wa Jumamosi?"

Ndiyo maana alikuwa akinitazama vile. Siku zote hizo nilidhani ninapambana na Fundi.

Jana, Jumanne, nilisimama chini ya kipaza sauti. Nilianza hivi: chandarua ni wavu wa plastiki, kinazuia mbu wa malaria, mwanamke mjamzito na mtoto walale ndani kila siku. Nikasema nesi Jovia alinieleza hayo tangu mwanzo na mimi nilimkatisha kwa saa yangu. Kisha nikasema nilikosea. Kwamba siku ile niliweka kitu kinachojulikana na kitu kinachoogopwa kwenye mizani moja, nikawaacha watu wapime bila mawe ya mizani. Kwamba mjamzito wa nyumba yangu mwenyewe aliondoa chandarua kwa sababu ya maneno yangu, na tulikaribia kumpoteza yeye na mtoto. Sikumtaja Riziki kwa jina wala Fundi. Nikasimulia habari ya ng'ombe, yote, na doa, na pasta na mguu wake, na turubai. Soko lilicheka hadi wauza dagaa wakaacha kupima. Walinicheka mimi, na hivyo ndivyo nilivyotaka, kwa sababu Fundi alikuwa amesimama palepale na aliweza kucheka nao. Mwisho nikarudi kwa nesi: kila siku, walale ndani. Nikazima kipaza sauti. Sikusema kila mtu apime.

Fundi alinijia baadaye amenuna. Alisema nimemfuta katika historia. Nikamwambia nitamtangazia vyerehani vyake bure Jumamosi, akatafakari, akakubali, na akaongeza kwamba numero za kwenye lebo bado sijamweleza. Kweli sijamweleza. Nitauliza kwanza.

Nilipofika nyumbani, Riziki alikuwa amesimama kando ya kitanda chake na chandarua mkononi. Kipaza sauti hufika kwetu upepo ukiwa upande huo, na jana ulikuwa. Hakusema kama amesikia. Alisema, "Mujomba, misumari imepata kutu, leta mingine." Nikaleta. Nikapanda juu ya kiti, yeye akakishika miguu, akinielekeza kushoto, kulia, umekosea, tena. Nilipofunga pembe ya nne aliingia ndani, akakunja pindo zote chini ya godoro kwa mikono yake, moja moja, akalala kwa ubavu kwa sababu ya tumbo.

"Sasa toka," akasema. "Nataka kulala."

Nikatoka, na leo ndipo nimeketi kukuandikia. Yaya, hasira utakayokuwa nayo ni haki yako, iandike yote na umpe Mama Sifa akirudi, nitaisoma nikiwa nimesimama. Ila mwandikie na Riziki karatasi yake peke yake, isiyo na hasira yangu ndani. Anakuhitaji mwezi huu kuliko anavyosema.

Unisalimie shemeji, mume wako, na umwambie redio yake aliyoniachia ingali inashika mawimbi. Unisalimie Baba Mdogo Mulonda, kwa heshima, kwa kuwa najua barua hii ataisoma kabla yako. Unisalimie binamu Anjelani na mapacha wake, na bibi yule wa jirani aliyekuwa akitupa ndizi tukitoka shule, kama angalipo. Esta anakusalimu na anasema ukija tutakulaza upande usio na turubai.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuomba radhi kwa mkono wangu,

Kashindi